Mwanga, Nuru na Mionzi: Uhakiki wa Istilahi Zinazogongana

UTANGULIZI

Kusudi la makala haya ni kuchunguza maneno yanayotumiwa katika Kiswahili kutaja mwanga na mambo yanayoambatana nao katika fizikia, kemia, biolojia, elimu ya nyota na tiba, na kuonyesha mahali ambapo maneno hayo yanampotosha msomaji. Hatukukusudia kumlaumu mtafsiri fulani wala kitabu fulani. Kosa tutakalolieleza ni letu sote, na sisi tuundao istilahi ndio wa kwanza, kwa kuwa tumezoea kuunda istilahi za kila somo peke yake, kana kwamba mwanga wa mwanafizikia si ule ule wa daktari na wa mkulima.

Kilichotusukuma kuandika ni kijikaratasi kimoja. Hospitali moja ilituletea maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kina mama waliojifungua, ikatuomba tuyakague lugha. Yalihusu manjano ya watoto wachanga, yaani ile hali ya mtoto kugeuka rangi ya macho na ngozi siku chache baada ya kuzaliwa, kwa sababu ini lake bado halina nguvu ya kutosha kuiondoa bilirubini iliyomo katika damu. (Hali hii isichanganywe na homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine kabisa yaletwayo na mbu.) Tiba yake ya kawaida ni kumlaza mtoto chini ya taa za mwanga wa buluu. Mtafsiri alikuwa ameandika kwamba mtoto atapewa "tiba ya mionzi".

Muuguzi aliyekuja na kijikaratasi hicho alitueleza kwamba nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha gawiwa. Mama mmoja, baada ya kusoma, alimfunika mwanawe kanga akataka kuondoka naye. Dada yake alipata kutibiwa saratani kwa mionzi, naye aliyaona kwa macho yake yaliyompata. Mama huyu hakuwa mjinga. Alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, akakielewa sawasawa, na kule kukielewa ndiko kulikomkosesha. Bilirubini ikizidi mno, na mtoto asipotibiwa, huweza kuudhuru ubongo wake kwa maisha yake yote. Kwa hiyo jambo tunalolijadili si mchezo wa wapenda maneno.

MANENO TULIYO NAYO

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Tuna mwanga na mwangaza, tuna nuru, tuna mwale, mwali na mwonzi, na vitenzi vingi kama kumulika, kuangaza, kung'aa na kumeremeta. Kila neno lina kiti chake katika lugha ya kila siku. Mwanga ni neno la asili ya Kibantu, la kawaida, ingawa hapana budi kukumbuka kwamba mwanga, ambaye wingi wake ni wanga, ni mchawi atembeaye usiku. Nuru tuliipata kutoka Kiarabu, nayo imekuja na heshima yake: uso wa mtu mwema una nuru, na mtoto hupewa jina la Nuru kwa kuombewa heri. Mwale ni ule mstari wa mwanga upenyao katika tundu la paa la makuti asubuhi. Mwali ni ulimi wa moto, na pia ni msichana aliyevunja ungo. Mionzi, katika matumizi ya zamani, ni ya jua.

Taabu huanza maneno haya yanapoingia darasani na ofisini. Mwanafunzi husoma katika somo la fizikia kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu. Katika biolojia hukuta usanisinuru. Katika jiografia huambiwa kuwa mionzi ya jua huipasha dunia joto. Na redioni husikia habari za miale. Akiwa mwangalifu, atadhani kwamba haya ni mambo manne. Hili ndilo kosa la kwanza: kitu kimoja kupewa majina mengi.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni la hatari zaidi: jina moja kubebeshwa vitu vingi. Leo "mionzi" ni joto la jua linaloanika nguo, ni eksirei ipigayo picha ya mfupa, ni gama itokayo katika kobalti, ni mawimbi ya mnara wa simu, na kama tulivyoona, ni taa ya buluu iliyo juu ya kitanda cha mtoto. Wakati huo huo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na hospitali zinazotibu saratani zimelifanya neno hilo lisikike masikioni mwa wananchi kuwa ni la jambo linalohitaji hadhari. Zimefanya vyema. Ila sisi wengine tumeendelea kulitumia kila mahali, hata hadhari hiyo ikaenea mahali isipohitajika na kupungua mahali inapohitajika.

KITU CHENYEWE

Haiwezekani kuhukumu jina bila kukijua kiitwacho. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga ni wimbi la sumaku na umeme. Heinrich Hertz aliyathibitisha mawimbi hayo katika maabara kuanzia mwaka 1887, nayo ndiyo tuyaitayo mawimbi ya redio. Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, aliipa herufi X kwa sababu hakuijua ni kitu gani. Baadaye ikabainika kwamba redio, joto la makaa, mwanga, urujuanimno, eksirei na gama ni jamii moja: vyote ni mawimbi ya sumakuumeme, na vyote husafiri katika ombwe kwa mwendo ule ule wa meta 299,792,458 kwa sekunde. Tofauti yao ni urefu wa wimbi.

Hapo ndipo ulipojitokeza ugumu. Mwanga ukiangukia baadhi ya metali hung'oa elektroni. Mtu angedhani kwamba mwanga ukiwa mwingi zaidi ungezing'oa kwa nguvu zaidi. Haikuwa hivyo. Ipo metali ambayo mwanga mwekundu, hata uwe mwingi kiasi gani, hauing'oi elektroni hata moja, na ilhali mwanga hafifu wa urujuani huzing'oa mara moja. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga hutoa nishati yake kwa mafungu, na kila fungu hupokewa zima na elektroni moja. Kwa maelezo ya sheria hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Mtoto yeyote aliyekulia chini ya mwembe atalielewa jambo hili. Ukilirushia embe punje za mchanga kutwa nzima halitaanguka, hata ukimaliza kichanja cha mchanga. Jiwe moja la kutosha huliangusha. Wingi wa mchanga ni jambo moja, na uzito wa kila punje ni jambo jingine. Katika mwanga, wingi wa mafungu ni jambo moja, na nishati ya kila fungu ni jambo jingine. Nishati hiyo huongezeka kadiri wimbi linavyokuwa fupi.

Sasa tutaje kadiri. Tutumie elektronivolti, kipimo kidogo kifaacho kwa mambo ya atomi. Kung'oa elektroni ya atomi ya hidrojeni huhitaji elektronivolti 13.6. Fungu moja la mawimbi ya mnara wa simu lina chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya elektronivolti. Fungu la mwanga mwekundu lina kama 1.9. La mwanga wa buluu utumikao kumtibu mtoto mwenye manjano lina kama 2.6. La eksirei ya hospitali huwa na makumi ya maelfu. Mafungu ya gama itokayo katika kobalti-60 yana zaidi ya milioni moja.

Msomaji aiangalie tena ile "tiba ya mionzi". Kati ya taa ya buluu na mashine ya kobalti, nishati ya fungu moja hutofautiana kwa karibu mara nusu milioni. Fungu la buluu linapopokewa na molekuli ya bilirubini huigeuza umbo tu, nayo kwa umbo hilo jipya huweza kutoka mwilini kwa njia ya nyongo na mkojo. Halimng'oi mtoto elektroni. Mtafsiri wetu aliviita vitu hivi viwili kwa jina moja, na kamusi haikumzuia.

"FOTONI" AU "CHEMBE YA NURU"?

Fungu hilo la nishati ndilo liitwalo fotoni. Wapo wenzetu wanaopenda liitwe "chembe ya nuru", na hoja yao ina uzito: mwanafunzi hulielewa jina hilo papo hapo, na utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kwenda kukopa ng'ambo.

Tunaukubali utaratibu huo, lakini katika neno hili tunatofautiana nao kwa sababu tatu.

Kwanza, chembe katika Kiswahili ni kitu kilicho kidogo na kigumu, kinachoweza kukaa: chembe ya mchele, chembe ya mchanga, chembe nyekundu za damu. Fotoni haikai. Haina tungamo la kutulia, huzaliwa elektroni inaposhuka ngazi ya nishati, na hutoweka inapopokewa. Aidha husambaa na kuingiliana kama wimbi. Mwanafunzi aliyefundishwa "chembe ya nuru" atalazimika siku moja kuisahau nusu ya alichofundishwa.

Pili, istilahi haiishi peke yake, bali huishi katika ukoo. Wachina huiita fotoni guangzi, wakitumia kiungo kile kile wakitumiacho katika majina ya elektroni na nyutroni; Waaislandi huiita ljóseind, yaani kipande cha mwanga. Lugha hizo zimefanya vizuri kwa kuwa zimejenga ukoo mzima kwa mbao zao wenyewe. Sisi tumekwisha pokea elektroni, protoni na nyutroni. Tukiiita fotoni "chembe ya nuru" tutakuwa tumemtenga ndugu mmoja na nduguze.

Tatu, historia ya neno lenyewe inatufunza. Mwaka 1916 Leonard Troland alilitumia neno hilo kwa kipimo cha mwanga unaoingia jichoni; kipimo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1926 mwanakemia Gilbert Lewis alilitangaza kwa maana nyingine: alidhani fotoni ni kitu cha pekee kisichoumbwa wala kuangamizwa. Wanafizikia walilichukua neno lake na kuiacha nadharia yake. Hawakupata taabu, kwa sababu neno lenyewe halikusema zaidi ya kwamba linahusu mwanga. Laiti Lewis angeliunda jina lenye kueleza kwamba kitu hicho hakiangamii, jina hilo lingekufa pamoja na nadharia yake. Jina linaloeleza kidogo huweza kuvumilia maarifa yakibadilika.

Kwa hiyo tunasema fotoni. Iandikwe kwa f, wala si kwa ph. Iwe katika ngeli ya elektroni: fotoni hii, fotoni hizi. Mwalimu ana ruhusa kamili ya kuieleza kwa mfano wa embe au mfano wowote. Mfano ni wa kufundishia, na istilahi ni ya kuandikia; vikichanganywa huharibiana.

Faida kubwa ya kuwa na jina moja ni kwamba huyaunganisha masomo. Fotoni ing'oayo elektroni katika metali ni jamii moja na ile inayopokewa na klorofili katika jani la muhindi, ambamo fotoni kama 8 hadi 10 huhitajika ili itolewe molekuli moja ya oksijeni. Ni jamii moja na ile iliyowafahamisha wanaanga, mwaka 1868, kwamba katika jua mna elementi isiyojulikana. Wakaiita heli, na haikupatikana duniani mpaka mwaka 1895. Mwanafunzi anayeikuta fotoni kwa jina hilo hilo katika vitabu vyake vyote ataona mwenyewe kwamba maumbile ni mamoja. Akiikuta kwa majina manne, hata mwalimu hodari atapata kazi kumshawishi.

TAABU YA NENO "UKALI"

Lipo neno jingine ambalo kwa nadra hutiliwa shaka, nalo ni "ukali". Tunasema mwanga mkali tukimaanisha mwanga mwingi. Tunasema jua kali tukimaanisha joto. Na tunasema mionzi mikali tukimaanisha yenye kudhuru. Lakini mfano wa embe umetuonyesha kwamba wingi na nguvu ya kudhuru ni mambo mawili.

Matokeo ya mchanganyiko huu yanaonekana wazi katika maelezo wanayopewa watu wenye ualbino. Huambiwa wajikinge na "jua kali". Msikilizaji hufahamu kwamba hatari ni joto, na siku ya mawingu yenye upepo hutoka bila kofia. Lakini kinachodhuru ngozi ni urujuanimno, ambao hauonekani kwa jicho wala hauleti joto linalohisika, na sehemu yake kubwa huweza kupenya mawingu. Joto lisilohisika si salama. Maelezo hayo yangepaswa kuutaja urujuanimno kwa jina na kusema kwamba upo hata siku ya baridi.

Hata wanunuzi wa paneli za umeme wa jua hupotoshwa na neno hilo. Wengi huamini kwamba jua likiwa kali, yaani joto likizidi, umeme huongezeka. Kinachoongeza umeme ni wingi wa fotoni zenye nishati ya kutosha, ambayo kwa silikoni ni kama elektronivolti 1.1. Joto lenyewe huipunguzia paneli ya silikoni uwezo wake kwa asilimia 0.3 hadi 0.5 hivi kwa kila digrii moja ya Selsiasi.

Tungependekeza, basi, kwamba katika maandishi ya kitaalamu tuseme "wingi wa mwanga" pale tunapohesabu mafungu, na "nishati ya fotoni" pale tunapopima uwezo wa kila fungu. "Ukali" tuuachie mazungumzo.

MAPENDEKEZO

Tunayaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji ili yajadiliwe:

(a) Mwanga utumike kwa mnururisho uonekanao kwa jicho la mtu, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 400 hadi 700 hivi. Liwe ndilo neno la kawaida katika masomo yote.

(b) Mwale, wingi miale, utumike kwa mstari unaoonyesha njia ya mwanga, kama katika michoro ya vioo na lenzi.

(c) Mnururisho liwe jina la jumla la nishati inayotolewa na kusambaa kwa njia hii, iwe redio, joto, mwanga au eksirei.

(d) Mionzi, katika maandishi yanayowaendea wananchi, ibakishwe kwa ile inayoweza kung'oa elektroni katika atomi: eksirei, gama, alfa na beta. Ikumbukwe kwamba alfa na beta si fotoni, bali ni chembe hasa, kwa hiyo mionzi na fotoni si visawe.

(e) Nuru iwe kiungo cha kuundia maneno ambatani, kwa kuwa ni fupi na haina kiambishi cha ngeli cha kutusumbua. Usanisinuru tunao tayari. Tuongeze tibanuru kwa ile tiba ya taa za buluu, na mwakanuru kwa kipimo cha wanaanga. Hiki cha mwisho ni umbali wa kilometa trilioni 9.46 hivi, wala si muda kama waandishi wengi wa habari wadhanivyo; kukiandika kwa neno moja, pamoja na kilometa zake kinapotajwa mara ya kwanza, kutasaidia kuliondoa kosa hilo.

(f) Fotoni iwe fotoni.

Tunakiri kwamba pendekezo la (d) lina mpaka usionyooka. Urujuanimno unaotufikia kutoka katika jua una fotoni za elektronivolti 3 hadi 4 hivi, ambazo kwa kawaida haziing'oi atomi elektroni, lakini huweza kuharibu molekuli zinazobeba urithi katika seli za ngozi. Haumo katika mionzi kwa maana tuliyoiweka, na hata hivyo hudhuru. Isitoshe, "mionzi ya jua" ni msemo wa siku nyingi, na hakuna baraza linaloweza kuwaamuru watu waache kuusema. Hatuombi hilo. Tunaloomba ni kwamba mwandishi wa maelezo ya afya, mahali anapokusudia urujuanimno, aandike urujuanimno na aueleze kwa sentensi moja. Jina lenye maelezo mafupi ni bora kuliko jina lililozoeleka lenye kuficha.

HITIMISHO

Kile kijikaratasi tulikirudisha hospitalini kikiwa na marekebisho machache. Mahali palipoandikwa "tiba ya mionzi" tuliandika: "Mtoto atalazwa chini ya taa za mwanga wa buluu. Mwanga huu si mionzi itumikayo kutibu saratani wala kupiga picha za mifupa. Macho yake yatafunikwa ili yasiumizwe na mwangaza, na atatolewa kwa ajili ya kunyonya." Neno tibanuru tuliliweka katika kichwa cha habari peke yake, kwa kuwa bado halijazoeleka, na mama aliye na hofu hapaswi kufanywa wa kwanza kujifunza istilahi yetu. Kuhusu yule mama aliyetaka kuondoka, muuguzi alituambia kwamba alimwashia taa ile mkononi mwake mwenyewe, akamwonyesha, ndipo akakubali.

Muuguzi alifanya kwa taa kazi ambayo ilikuwa ya neno. Si kila mahali pana muuguzi mwenye nafasi hiyo. Walimu, watafsiri na watumishi wa ofisi za umma wanaokutana na maneno haya katika kazi zao wanaombwa watuletee mifano waliyoiona na maoni yao kuhusu mapendekezo haya, hasa wale wasiokubaliana nayo.